Mhariri akitaka udiwani

SWALI: Shikamoo Mzee. Nahariri gazeti dogo hapa Masasi, na sasa nataka kugombea udiwani. Je, lazima niache kalamu?
Msomaji, Masasi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mtazame Allan Hernelius wa Sweden. Aliongoza Svenska Dagbladet, gazeti la kihafidhina la Stockholm, tangu 1955 hadi 1969, na kabla hajaondoka alikwishaingia bungeni kupitia chama cha kihafidhina. Lakini kule wasomaji walijua gazeti linaegemea wapi. Wewe je? Wakulima wa korosho wanakuletea malalamiko ya malipo ya mnada wakiamini huna upande. Hao ndio ninaowaonea uchungu. Mwachie mwenzako kiti kabla hujachukua fomu, na ulitangaze ukurasa wa mbele.