Jibu: Je, nikihamia Uholanzi nitalazimika kubadili msimamo wangu kuhusu mashoga?

Ndugu yangu, umeuliza kama kijana aliyelelewa Moshi, anayekwenda kusoma Uholanzi, atalazimishwa kuacha imani yake kuhusu mapenzi ya jinsia moja. Niliishi Rotterdam miaka 11 kabla ya kurejea hapa Majengo, na hakuna aliyewahi kunidai imani yangu. Kinachodaiwa ni mwenendo. Ibara ya kwanza ya katiba yao inakataza ubaguzi, na tangu 2023 inataja waziwazi mwelekeo wa kimapenzi, hivyo ukiwa msimamizi kazini huwezi kumnyima mtu kazi kwa sababu ameolewa na mwanamke mwenzake, ingawa kanisani utaendelea kuamini unavyoamini.

Ndoa hizo ziliruhusiwa huko tarehe 1 Aprili 2001, kabla ya nchi nyingine yoyote. Hata hivyo usidhani kila Mholanzi anazifurahia, kwani wapo wanaume wapenzi wanaoachiana mikono kwa hofu wakifika mitaa fulani.

Kwetu Tanzania kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinatoa kifungo cha miaka 30 hadi maisha kwa kujamiiana “kinyume cha maumbile”, na mzizi wake (jambo tusilopenda kulikumbuka) ni sheria ya mkoloni Mwingereza, ambaye kwake England alianza kuilegeza mwaka 1967.

Mimi nilibadilishwa na ngazi za jengo letu tu. Nilipougua usiku, wanaume wawili wa ghorofa ya chini, waliooana, ndio walionipeleka hospitali. Mama alipouliza kwa simu ni nani walionisaidia, nilijibu, “Majirani.”