Tundu la moyo, kipandauso na mwanga unaoumiza: majibu kwa wasomaji

Tangu nilipogusia kipandauso, yaani maumivu makali ya kichwa yanayorudirudi (migraine), kwenye safu hii, maswali yamekuwa yakiingia kutoka Arusha na Moshi. Nimechukua matano. La kwanza nimelitanguliza kwa sababu haliwezi kusubiri zamu yake.

Shikamoo daktari. Mwanangu wa miaka tisa ana homa tangu juzi, kichwa kinamuuma, na nikifungua dirisha anajifunika kanga machoni. Malaria tumepima, hana. Ni kipandauso? (Mama, Himo)

Marahaba mama. Nilikujibu saa ileile na narudia hapa kwa ajili ya wazazi wengine: mpeleke hospitali sasa hivi. Homa pamoja na mwanga kuumiza macho, hasa shingo ikikakamaa, mtoto akitapika au akisinzia ovyo, vinaweza kuwa homa ya uti wa mgongo. Kipandauso chenyewe hakileti homa. Na kukosa malaria hakumaanishi kwamba mtoto ni mzima.

Nina kipandauso tangu sekondari. Huanza kwa vimulimuli vya msharazari machoni. Mwezi uliopita nilipigwa eko, kile kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti, nikaambiwa nina tundu dogo moyoni. Je, ndilo chanzo? Niuze shamba nikalizibe? (Mwalimu, Njiro)

Mwalimu, shamba usiuze kwanza.

Sote tulikuwa na tundu hilo tumboni mwa mama. Mapafu ya mtoto yakiwa bado hayapumui, damu hupitia kilango kati ya vyumba viwili vya juu vya moyo. Baada ya kuzaliwa kilango hujifunga, lakini kwa takriban mtu mmoja kati ya wanne hakishikani kabisa. Wengi huzeeka nacho bila kujua.

Kwa wenye kipandauso kinachotanguliwa na vimulimuli, yaani aura, kilango hiki hukutwa mara nyingi zaidi, karibu nusu yao. Maelezo yanayotolewa ni kwamba damu ya mishipa ya vena hubeba vibonge vidogo vya damu na kemikali kama serotonini, ambavyo kwa kawaida huchujwa na mapafu. Vikikatiza kwenye kilango vinafika kwenye ubongo moja kwa moja, na huenda vikawasha wimbi la umeme ndani ya ubongo linalozaa aura.

Inaelekea kuwa kweli. Lakini je, kuziba kunaponya? Uingereza walijaribu: wagonjwa 74 walizibwa, 73 wakafanyiwa utaratibu wa kuigiza tu bila kuzibwa. Matokeo yalitoka mwaka 2008: waliopona kabisa maumivu ni watatu kila upande. Majaribio mengine mawili, ya 2016 na 2017, nayo hayakufikia lengo lake kuu, ingawa baadhi ya wenye aura walipata nafuu. Ndiyo maana madaktari hawazibi kilango kwa ajili ya kipandauso peke yake. Aliye chini ya miaka 60 aliyepata kiharusi kisichojulikana chanzo, huyo ni habari nyingine. Kwake kuziba kunaweza kupunguza hatari ya kiharusi kurudi.

Soma tena karatasi ya eko. Kama imeandikwa tundu kwenye ukuta wa moyo na si kilango kilichobaki wazi, mwone daktari wa moyo, kwani matundu hayo hufuatiliwa kwa namna nyingine. Kipandauso chako kitibiwe kama kipandauso: zipo dawa za kuzuia za kumeza kila siku, na za kuwahi maumivu yakianza.

Kichwa kikianza, hata mwanga wa simu ni kisu. Macho yangu ni mabovu? (Fundi cherehani, Mbuyuni)

Hapana, ndugu yangu. Kwenye retina, yaani utando wa nyuma ya jicho, kuna seli zinazopima ukali wa mwanga, na habari zake hukutana ndani ya ubongo na habari za maumivu ya utando unaofunika ubongo. Vikikutana, maumivu hupanda. Watafiti waliwahi kuchunguza vipofu wenye kipandauso: wasiohisi mwanga kabisa hawakusumbuliwa nao, ila waliobakiwa na hisia kidogo ya mwanga walisumbuliwa. Mwanga hafifu wa kijani umeonekana kuumiza kidogo kuliko rangi nyingine. Jifungie gizani wakati wa shambulio tu. Ukivaa miwani myeusi kutwa ndani ya nyumba, macho huzidi kuuchukia mwanga. Na dawa za maumivu usizimeze siku nyingi kila mwezi, maana zenyewe huzaa maumivu ya kichwa.

Mimi ni mpagazi. Nikifika kambi ya Barafu, kule juu Kilimanjaro, kichwa hupasuka. (Machame)

Kaka, hicho huenda ni kichwa cha mwinuko, yaani kinachouma kwa sababu uko juu sana, hata kama nyumbani una kipandauso. Usipande zaidi kikiwa kinauma. Ukianza kuyumba, kuchanganyikiwa au kukosa pumzi ukiwa umetulia, shuka saa hiyo hiyo, hata usiku, na mzigo waachie wenzako.

Natumia vidonge vya majira na nina aura. Kuna shida? (Dada, Ngaramtoni)

Ipo. Aura huongeza hatari ya kiharusi, na vidonge vyenye homoni ya estrojeni huiongeza zaidi. Ukivuta sigara, ndiyo kabisa. Shirika la Afya Duniani linashauri mwenye aura asivitumie. Mwambie mhudumu wa uzazi wa mpango neno hilo, aura, kisha muulizie kitanzi cha shaba au kipandikizi. Ukiacha vidonge leo, tumia kondomu mpaka upate njia nyingine.