Shangazi, nina kichaa kutaka Mercedes ya 1966?

SWALI: Shangazi, shikamoo. Nina miaka 61, nimestaafu uuguzi mwaka jana, naishi Mikindani, Mtwara. Huko mjini, mtaa wa Shangani, kuna kijana anauza gari la marehemu baba yake, Mercedes 230 SL ya 1966, nyeupe, ya viti viwili na paa la kuvua. Limekarabatiwa lote, linang'aa. Magari hayo nayapenda tangu usichana wangu. Anataka milioni 62. Mafao yangu na pesa za korosho zinafika, na kidogo kinabaki. Wanangu wanasema mama kachanganyikiwa. Mkubwa hapokei hata simu zangu. Muuzaji anataka kishika uchumba milioni 5 kabla ya Jumamosi, eti kuna mteja wa Dar yuko njiani. Nifanyeje?
Mstaafu, Mikindani

JIBU: Marahaba, dada. Mafao ni yako. Uliyatolea jasho la zamu za usiku, na wanao hawakuwa wodini. Kwa hiyo kichaa huna, na suala la ruhusa liishie hapo.

Neno lililonishtua kwenye barua yako ni "linang'aa". Hata pipa la lami likipigwa msasa na kupulizwa rangi linang'aa. Halafu hiyo bei. Magari ya 230 SL yalitengenezwa 19,831 tu, kati ya 1963 na 1967, na Ulaya lililokarabatiwa kwa haki huuzwa mara kadhaa ya milioni 62. Ama kijana hajui alichonacho, ama anakijua vizuri mno. Jibu liko chini ya gari.

Kishika uchumba usitoe. Mteja wa Dar yupo kila mahali panapouzwa kitu, kuanzia kiwanja hadi mbuzi. Kabla ya yote muulize kijana swali moja: kadi ya gari ina jina la nani? Kama bado ni la marehemu, akuonyeshe barua ya mahakama ya kumteua msimamizi wa mirathi. Kuwa mtoto wa marehemu hakumpi haki ya kuuza peke yake. Ukinunua bila barua hiyo, siku dada zake wakitokea na kudai fungu lao, wewe ndiye utakayekuwa umekalia mali ya warithi. Barua ikiwepo, mkataba uandikwe mbele ya wakili, pesa zipite benki, na sehemu kubwa ya malipo isubiri umiliki uhamishwe TRA.

Sasa gari lenyewe. Nenda asubuhi, na mwambie mapema asiliwashe kabla hujafika. Ukifika, weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya moto, rudi nyumbani uende siku nyingine, maana injini ngumu kuwaka hupashwa moto kabla mgeni hajaja. Chukua fundi bodi na fundi injini, wasiwe wale aliokutafutia muuzaji. Beba tochi, bisibisi, na sumaku ya spika mbovu ya redio iliyofungwa kitambaa laini isikwaruze rangi.

Anza na sumaku. Boneti, buti na bati la nje la milango ya gari hili ni alumini, hivyo sumaku haitakiwi kushika. Ikishika, kipande si cha asili. Fenda ni chuma, na hapo inatakiwa ing'ang'anie. Ipitishe polepole nyuma ya taa za mbele, juu ya matairi, na chini karibu na mlango. Ikilegea au kudondoka, chini ya rangi kuna puti nene, na chini ya puti kuna kutu au ajali. Kisha fungua boneti, umulike ukingo wa ndani ambapo fenda inaungana na bodi. Kiwandani walichomelea kwa nukta, kwa hiyo utaona vishimo vya duara vimepangana mstari mmoja, kama umebonyeza ncha ya kidole kwenye donge la unga. Vishimo vikiwepo, fenda ni ya kuzaliwa. Pakiwa laini kama sahani, fenda ilikatwa ikawekwa nyingine, au vimezibwa na puti. Fenda kubadilishwa si dhambi. Kufichwa ndiyo tatizo.

Soma namba. Ya chasisi ianze na 113042. Tarakimu inayofuata ni ya usukani: 1 ni kushoto, 2 ni kulia. Ukikuta 1 na usukani uko kulia, mtu alihamisha usukani, na kazi hiyo ikifanywa ovyo inaua. Injini ya asili huanza na 127981, ya silinda sita, cc 2,306. Injini nyingine za Mercedes za miaka ile zinaingia humo, gari likaenda vizuri tu, ila thamani yake hushuka na kadi inaweza isilingane.

Kutu ndiyo uipe muda mrefu. Gari la wazi halina paa la kubeba uzito, nguvu zake zote ziko sakafuni na kwenye boriti za chuma zilizo chini ya milango. Inua kapeti zote, za buti pia, toa tairi la spea, gonga kwa mpini wa bisibisi. Chuma kizima hulia, kilichooza hujibu kwa sauti ya kopo lenye mchanga. Kisha mwombe fundi apige jeki upande mmoja kwenye sehemu yake ya jeki, na gari likiwa juu ufungue na kufunga mlango wa upande huo. Mlango ukikwama, au mwanya wake ukibana upande mmoja na kupanuka mwingine, bodi inapinda katikati. Hapo agana na kijana kwa adabu, hata akishusha hadi milioni 30.

Na chunguza ukingo wa chini wa milango, hasa wewe unayeishi kando ya bahari. Alumini na chuma vikigusana penye unyevu wa chumvi vinakulana kama betri. Unga mweupe ni alumini inayoliwa, wekundu ni chuma. Malengelenge madogo kwenye rangi mpya maana yake ulaji unaendelea.

Injini iwashwe ikiwa baridi. Gari hili linatumia petroli lakini halina kabureta. Lina pampu ya Bosch ya pistoni sita, inayofanana na ya dizeli, na hiyo ndiyo kiungo ghali na korofi kuliko vyote. Moshi mweusi dakika za mwanzo usikutishe. Ukiendelea baada ya dakika kumi, injini ikishapata moto, huenda kifaa cha kupunguza petroli kwenye pampu kimekwama: mafuta yataliwa kama maji na silinda zitaoshwa oili. Fundi achomoe pia kijiti cha oili ya pampu, si kile cha injini, kwani wengi hawajui kwamba kipo. Tangi lenye kutu hutuma uchafu moja kwa moja kwenye pampu hiyo, hivyo filta ifunguliwe mbele yako.

Kipimo cha presha ya oili kinatakiwa kupanda hadi 3 mara mtu anapokanyaga mafuta. Injini ya moto ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta, kinaweza kushuka, ila kisilale sifuri. Kifuniko cha oili kikiwa na ute kama maziwa ya nazi, huenda maji yanaingia. Silinda hedi ni alumini juu ya bloki ya chuma, ikichemka mara moja tu inaweza kupinda. Endesheni hadi Mikindani na kurudi, mkiangalia joto na breki. Gari likivuta upande mmoja, mara nyingi hozi za breki zimevimba ndani kwa kukaa muda mrefu. Hilo ni dogo, linarekebishika. Umri wa matairi usome kwenye tarakimu nne za ubavuni: 1812 ni wiki ya 18 ya mwaka 2012, hata kama kashata zake bado ni mpya.

Yote yakipita, tenga walau milioni 10 mbali na bei. Spea zake zinapatikana, lakini zinatoka Ujerumani, na ushuru unakusubiri. Vyuma vya usukani wa mbele vinataka grisi kila kilomita 3,000. Kama hizo milioni 10 ndizo "kidogo kinachobaki" na huna akiba nyingine, hapo ningesema hapana, na nisingeona haya. Gari la aina hii likikosa pesa miaka miwili tu pale Mikindani linarudi kuwa chuma chakavu.

Lisifunikwe na turubai la plastiki, linafungia jasho. Tumia shuka la pamba, chini ya paa lenye upepo. Lioshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, na kabla mvua za Desemba hazijaanza zibua matundu ya kutolea maji chini ya milango. Kisima chako kikiwa na maji ya magadi, tumia ya mvua.

Kuhusu mkubwa asiyepokea simu: mtumie ujumbe, si wa kuomba radhi. Mwambie Jumamosi saa moja asubuhi uko Shangani na mafundi wawili, na unahitaji mtu wa kushika sumaku.