Jour de fête ya Jacques Tati: ununue toleo lipi, na litacheza kwenye deki yako?

Mkuu, umeuliza kwa nini Jour de fête, filamu ya vichekesho ya mwongozaji Mfaransa Jacques Tati, mara unaikuta ya rangi, mara nyeusi na nyeupe, na ipi ununue. Ninazo zote, ngoja nikueleze.

Matoleo ni 3. Mwaka 1947 Tati aliipiga kijijini Sainte-Sévère-sur-Indre kwa kamera mbili: moja ya Thomsoncolor, teknolojia mpya ya rangi ya Kifaransa, na nyingine ya nyeusi na nyeupe, iwe akiba. Akiba ndiyo iliyomwokoa, maana ile ya rangi ilishindikana kuchapwa. Mwaka 1949 watu wakaona nyeusi na nyeupe. Mwaka 1964 akaipangua, akaongeza kijana mchoraji na kupaka rangi vitu vichache kwa mkono. Rangi halisi ilikuja kuonekana mwaka 1995, kwa kazi ya binti yake Sophie Tatischeff na François Ede. Tati mwenyewe alishafariki tangu 1982.

Anza na ya rangi. Najua wapo humu watakaonirukia, lakini Tati alikusudia kijiji kipauke: milango ya kijivu, watu nguo za giza. Rangi zinaingia na magari yaliyobeba farasi wa mbao wa sikukuu, zinakaa uwanjani, kisha zinaondoka nayo. Kwenye nyeusi na nyeupe wazo lote hilo hulioni. Picha ni laini, imefifia kama khanga iliyofuliwa sana. Usihangaike kuongeza ukali kwenye TV, utaiharibu tu.

Vichekesho havidai Kifaransa. François, tarishi wa posta, anaona filamu kuhusu posta ya Marekani, naye anaamua kwenda mbio. Anang'ang'ania nyuma ya lori huku akigonga mihuri, baiskeli inamtoroka na kukimbia peke yake barabarani, mwisho anatumbukia nayo mtoni. Kwangu watoto walikirudisha kipande cha baiskeli mpaka nikaficha rimoti. Yule bibi mwenye mbuzi tu, anayesimulia mambo ya kijiji, ndiye utakayemhitajia maandishi ya tafsiri.

Sasa kununua. Sanduku la 2014 la Criterion, kampuni ya Marekani, lenye filamu ndefu 6 za Tati, lina matoleo yote 3. Tatizo, Blu-ray zake zimefungwa eneo A, yaani zinacheza tu kwenye deki za eneo hilo, Amerika ikiwemo, na deki za Blu-ray za huku Afrika ni eneo B. Langu nililetewa na ndugu aliyeko Marekani, deki ikaligomea katakata. Ikabidi nitafute deki iliyofunguliwa maeneo yote. Kwa DVD kuna nafuu, deki nyingi za mtaani hazijali eneo. Blu-ray za Ulaya za kampuni ya StudioCanal ni eneo B, ila soma nyuma ya kasha uone lugha za tafsiri na toleo lililomo kabla hujalipa.

Lile la 1964 liache mwisho. Mchoraji wake anazurura tu.