Tibu Sebule Kabla ya Kununua Spika Nyingine

Simama katikati ya sebule ya tofali na plasta, sakafu ya taili, dari ya jipsamu na madirisha ya alumini, kisha piga kofi moja. Utasikia mlio mkali unaopigwa danadana kati ya kuta mbili kabla haujafa. Mlio huo ndio unaofunika maneno ya filamu na kuvuruga muziki wako, na spika ya bei mara tatu itakutana na kuta zilezile. Ndiyo maana nasema pesa ya kwanza iende kwenye chumba.

Wallace Clement Sabine, mwalimu wa fizikia wa Harvard, ndiye aliyelipatia jambo hili hesabu. Kuanzia mwaka 1895 alipima ukumbi wa mihadhara uliokuwa na mwangwi mbaya kwa kuingiza na kutoa mito ya viti, huku akihesabu sauti inachukua muda gani kufa. Kanuni yake bado inatumika: zidisha ujazo wa chumba kwa 0.161, halafu gawanya kwa jumla ya mita za mraba zinazonyonya sauti. Jibu ni sekunde ambazo sauti huchukua kushuka kwa desibeli 60.

Chukua sebule ya mita 5 kwa 4, kimo mita 2.8. Ujazo wake ni mita 56 za ujazo, na nyuso zake zote zina mita za mraba 90 hivi. Plasta na taili hunyonya takriban asilimia 2 tu, kwa hiyo chumba kitupu kina mita za mraba 1.8 za kunyonya: sekunde 5, kama kisima. Ingiza sofa za kitambaa za watu saba, ambazo huongeza kama mita 4, na muda unashuka hadi sekunde 1.5. Kwa filamu na muziki tunataka 0.4 hadi 0.5, yaani mita za mraba 18 hadi 22 zinazonyonya.

Hapo ndipo wengi hukimbilia kapeti, pazia na trei za mayai, na hapo ndipo chumba huharibika kwa namna nyingine. Sauti ya hezi 1000, yaani mitetemo 1000 kwa sekunde, ina wimbi la sentimita 35. Ya hezi 100 ina wimbi la karibu mita 3.5. Kitu chenye matundu hunyonya kwa kusugua hewa inayopita ndani yake, na hewa hiyo haisogei kabisa pale inapogusa ukuta. Husogea zaidi ikiwa umbali wa robo ya wimbi kutoka ukutani: sentimita 9 kwa hezi 1000, sentimita 87 kwa hezi 100. Kapeti ya sentimita moja iko mahali ambapo hewa ya besi imelala. Inameza sauti za juu, besi inabaki kama ilivyokuwa, na matokeo ni sebule inayosikika nzito na yenye uvungu, ambayo mwenyewe hujaribu kuirekebisha kwa kuongeza trebo, yaani sauti za juu. Unene ndio unaoamua. Trei za mayai ni karatasi ya milimita chache. Zinagusa kidogo sauti za kati na zinawaka haraka.

Anza na kisichogharimu kitu, yaani mahali pa kukaa. Sofa iliyobanwa ukutani iko pale ambapo besi hujikusanya. Katikati kabisa ya urefu wa chumba ni kinyume: wimbi la kwanza la chumba, yaani sauti nzito ambayo vipimo vya chumba huivumisha, hufutika hapo. Kwa sebule yetu wimbi hilo ni hezi 35 kwa urefu, 43 kwa upana na 62 kwa kimo (gawanya 347, yaani mwendo wa sauti kwa sekunde kwenye joto la nyuzi 27, kwa mara mbili ya kipimo cha chumba). Weka vichwa vya wasikilizaji kama mita 3.1 kutoka ukuta wa televisheni, mita 1.9 zibaki nyuma. Kama familia inahitaji njia ya kupita na hilo haliwezekani, vuta sofa angalau sentimita 60 na utundike paneli nene (fremu ya mbao iliyojazwa pamba, nitaieleza hapo chini) nyuma ya vichwa. Chumba cha mita 4 kwa 4 ndicho kigumu zaidi, maana mawimbi ya urefu na ya upana huangukia hezi zilezile na kusaidiana kuvuma.

Spika za mbele na kiti chako zifanye pembetatu yenye pande sawa, kila spika nyuzi 30 kutoka mstari wa katikati. Zile za pembeni za mfumo wa 5.1 (spika tano na sabufa moja) zikae karibu nyuzi 110, nyuma kidogo ya masikio. Kuna umbali mbaya kutoka ukuta wa nyuma ya spika ambao watu hawaujui: sauti inayorudi kutoka ukuta huo hufuta besi ya spika pale umbali unapokuwa robo ya wimbi. Uso wa spika ukiwa sentimita 85 kutoka ukutani, utapata shimo karibu na hezi 100, pale pale panapokaa uzito wa sauti ya mwanamume. Kama sabufa yako inachukua kila kitu chini ya hezi 80, una njia mbili: sogeza spika zaidi ya mita 1.1 kutoka ukutani ili shimo liangukie eneo la sabufa, au zisogeze karibu kabisa na ukuta ili shimo lipande juu ambako paneli nene italimeza.

Spika ya kati isifichwe ndani ya kabati la televisheni. Ivute mpaka uso wake ulingane na ukingo wa rafu, na uiinamishe au uiinue ielekee masikio. Meza ya kioo mbele ya sofa nayo iondolewe wakati wa filamu, au itandikwe kitambaa kizito. Inarudisha sauti moja kwa moja usoni.

Sasa paneli zenyewe. Nyenzo bora ni pamba ya mawe ya kilo 40 hadi 60 kwa mita ya ujazo, ile inayotumika kuzuia joto kwenye mapaa na mabomba ya viwanda. Vipande vya sentimita 60 kwa 120 vyenye unene wa sentimita 5 hubebanishwa viwili kupata 10. Fremu ni mbao ya inchi moja kwa nne. Kama haipo, seremala apasue ya moja kwa nane. Ubao mmoja wa futi 12 una sentimita 365 na ushee, na unatosha fremu moja ukikata hivi: vipande viwili vya 123, viwili vya 59. Vifupi vikae kati ya virefu. Nafasi ya ndani inakuwa kama 118 kwa 59, kwa hiyo pamba inaingia kwa kubanwa kidogo na haihitaji gundi. Ukimwambia seremala atengeneze nafasi ya 120 kamili kwa 60, ubao mmoja hautatosha na atakuletea hesabu ya mbao mbili.

Vaa barakoa, glavu na mikono mirefu. Pamba hii inawasha ngozi na koo. Mgongo wa fremu uachwe wazi, umefungwa kwa chandarua au kitambaa chepesi tu. Mbele funika kwa kitambaa kinachopitisha hewa, na kipimo chake ni mdomo: kiweke mdomoni na upulize. Hewa ikipita bila taabu, sauti nayo itapita. Kanga nyepesi ya pamba inafaa. Kitenge kizito chenye nta kipulize kwanza, na ngozi bandia usiitumie kabisa. Ukitundika, acha sentimita 5 hadi 10 kati ya paneli na ukuta kwa vipande vya mbao. Nafasi hiyo ni unene wa bure, maana inasogeza pamba kwenda pale hewa inapotembea, na kwa miji ya pwani inazuia ukuta wenye unyevu usiote ukungu nyuma ya kitambaa.

Godoro la sponji halifai kubandikwa ukutani, hata kama lipo bure stoo. Tarehe 20 Februari 2003, katika klabu ya The Station huko West Warwick, Rhode Island, Marekani, fataki ziliwasha sponji iliyobandikwa kuzunguka jukwaa kwa ajili ya kutuliza sauti, na watu 100 walikufa. Moshi wake una sumu na moto hupanda ukuta kwa kasi isiyokupa muda. Pamba ya mawe haishiki moto.

Kupata mahali pa paneli mbili za kwanza unahitaji kioo na mtu wa kukusaidia. Kaa kwenye kiti chako. Yeye atembeze kioo ukutani, kwa kimo cha spika ndogo ya sauti za juu. Pale unapoiona spika ndani ya kioo ndipo sauti yake inapogonga kabla ya kukufikia. Tia alama, rudia ukuta wa pili. Kama upande mmoja ni dirisha, pazia zito lenye upana mara mbili ya dirisha, likae na mikunjo yake na mbali kidogo na kioo, litasaidia. Pazia jepesi la shia peke yake halifanyi kitu. Paneli mbili nyingine ni za nyuma ya sofa. Mbili za mwisho zisimame kwenye kona za mbele, zimekatisha kona kwa mshazari, na ile pembe iliyo nyuma yake jaza pamba yote. Kona ndipo mawimbi yote ya besi hukutana, na uwazi wa pale ni mkubwa, kwa hiyo sentimita moja ya pamba pale inafanya kazi kuliko popote. Ukiweza kupandisha hadi darini, pandisha.

Paneli sita zinatoa kama mita za mraba 4.3. Ongeza sofa 4, kapeti nene 2, pazia zito 3, watu wawili 1 na kuta zenyewe 1.8: jumla 16, sekunde 0.56. Paneli mbili zikining'inizwa chini ya dari kati ya spika na sofa zitakufikisha karibu kabisa na 0.5. Usipite hapo kwa kujaza kila ukuta. Chumba kilichokufa kabisa kinachosha kusikiliza. Nyumba za kale za Lamu na Zanzibar zina akili yake hapa: kuta zina zidaka na dari ina boriti, hivyo sauti za juu hutawanywa badala ya kurudi kwa mkupuo. Rafu ya vitabu vya vina tofauti ukutani nyuma yako inafanya kazi hiyohiyo. Katika vyumba hivyo virefu na vyembamba, weka spika upande mfupi.

Sabufa ipangwe mwisho. Iweke juu ya sofa, pale unapokaa, cheza wimbo wenye besi inayotembea, kisha tambaa sakafuni kando ya kuta ukisikiliza. Mahali ambapo noti zote zinasikika kwa uzito unaokaribiana ndipo pa kuiweka. Ni kanuni ya fizikia: chanzo na msikilizaji wakibadilishana nafasi, matokeo ni yaleyale.

Ukitaka kupima, programu ya Room EQ Wizard ni ya bure, na maikrofoni ya USB kama UMIK-1 ya kampuni ya miniDSP huja na faili la kusahihisha vipimo vyake. Maikrofoni ya simu haiaminiki kwenye besi. Angalia mchoro wake chini ya hezi 200. Vilima, yaani pale sauti ilipozidi, vipunguze kwa ekwalaiza, lakini mashimo usiyajaze: kuongeza desibeli 10 kunadai amplifaya nguvu mara kumi, na shimo linabaki pale pale kwa sababu sauti inayolifuta nayo imeongezeka. Shimo linatibiwa kwa kusogeza kiti au sabufa, mara nyingi kwa sentimita 20 au 30 tu.

Cheza pia mlio mmoja unaopanda polepole kutoka hezi 30 hadi 120 na utembee na mkono wako. Utakuta kioo cha dirisha la kusukuma kinagonga, taa ya dari inazizima, sahani zinalia kabatini. Ukanda wa mpira kwenye reli ya dirisha na vipande vya mpira chini ya vyombo vinamaliza hayo.

Na jirani? Paneli hizi hazimsaidii. Zinatuliza sauti ndani ya chumba. Kuizuia isitoke kunahitaji uzito na kuziba nyufa. Ukuta wa tofali wa sentimita 15 uliopigwa plasta pande zote tayari ni mzito, kwa hiyo angalia mlango mwepesi ulio mtupu ndani, uwazi chini yake, na nafasi iliyoachwa juu ya ukuta ndani ya dari, hasa kwenye nyumba za kupanga zilizounganishwa paa.