Nimepewa kuandaa mafunzo ya wasimamizi wa msaada wa kisheria, niwafundishe nini?

SWALI: Kaka wakili, habari za Kigoma mjini. Mimi niko Kasulu, sheria sijasomea, nilisoma maendeleo ya jamii, ila tangu mwezi wa tatu nimepewa kuratibu mradi wa msaada wa kisheria kwenye shirika letu. Nina wasimamizi 6, watano wako kwenye kata wanasimamia wasaidizi wa kisheria (wale wasio mawakili wanaosikiliza wateja) na mmoja ndo anaongea na mawakili wa probono, yaani wanaojitolea bure. Mfadhili katoa hela ya mafunzo ya siku 3 kwa hawa 6 na mkurugenzi anataka ratiba. Nimefukua ratiba ya zamani nikakuta ndoa, ardhi ya vijiji, mirathi, haki za mtoto. Niirudie hiyo hiyo au wasimamizi wana ya kwao? Na tuwape cheti?

JIBU: Dada yangu pole na majukumu, na hongera kwa kushtuka maana wengi wanaichukua ile ratiba ya zamani wanabadilisha tarehe juu wanapeleka kwa mkurugenzi biashara imeisha.

Usiirudie. Hao wasimamizi wako kama wamekaa kwenye kazi hata mwaka mmoja tu wameshasikia Sheria ya Ndoa ya 1971 mpaka wanaiota, wakikaa semina ya nne ya mirathi watachukua posho watasinzia na wala sitawalaumu. Msimamizi kazi yake sio kujua sheria nyingi kuliko msaidizi wa kisheria, kazi yake ni kuhakikisha mtu aliyeingia mlangoni na shida yake haipotelei humo ndani ya ofisi yenu. Yaani faili na tarehe. Siku zako 3 zote ningezijenga juu ya hivyo viwili.

Ngoja nikupe kisa, na aibu ni ya kwangu. Kuna kipindi nilikuwa nasimamia dawati la msaada wa kisheria huku huku mkoani, akaja mzee mmoja mlinzi kafukuzwa kazi, kaja siku ya 19 tangu afukuzwe. Msaidizi wetu akamsikiliza vizuri sana, akaandika kurasa tatu kwa mwandiko mzuri, barua ya kufukuzwa akaibana na pini pembeni. Faili likaingia kwenye droo kusubiri kikao cha kesi cha mwisho wa mwezi coz ndo utaratibu tuliojiwekea wenyewe. Tunalifungua ni siku ya 37. Sasa ukiachishwa kazi una siku 30 za kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ikapita hapo unaanza kuomba kuongezewa muda na kujieleza kwa nini umechelewa, na sababu yetu ilikuwa nini, droo? Pale ofisini hakuna ambaye hakujua hizo siku 30, ungetuamsha usiku tungekutajia, ila hakuna aliyekuwa na kazi ya kuangalia kalenda.

Kwa hiyo siku ya kwanza usimlete mtoa mada, leta mafaili. Chukua mafaili 20 hivi ya zamani yaliyofungwa, funika majina kwa karatasi, wagawie wawili wawili, kila faili wakutafutie vitu vitano: tukio lilitokea lini, mteja alikuja lini, siku ya mwisho ya kuchukua hatua ni ipi, nani alikuwa ameshika faili, na mteja aliambiwa nini mara ya mwisho. Usiwasaidie. Utaona wenyewe wanavyoanza kuangaliana. Baada ya hapo ndo unaweka ubaoni zile siku: mgogoro wa kuachishwa kazi 30 na malalamiko mengine ya kazi 60, rufaa kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda ya Wilaya 30, rufaa kutoka Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kwenda Mahakama Kuu 45, kudai ardhi miaka 12. Na wakumbushe kwamba tangu marekebisho ya 2021 Baraza la Kata kwenye ardhi linasuluhisha tu, haliamui, lina siku 30, likishindwa linatoa uthibitisho mtu ndo anaenda Baraza la Wilaya. Bado kuna watu wanamwambia mteja "subiri hukumu ya kata" na anasubiri kweli.

Hapo kwenye tarehe kuna kitu cha huko kwenu Kasulu ambacho ratiba za kutoka Dar hazina. Mama anatoka kijijini anaeleza kwa Kiha, msaidizi anaandika kwa Kiswahili, anauliza shamba lilichukuliwa lini, anajibiwa wakati wa kuvuna maharage, anaandika hivyo hivyo anaendelea. Maharage gani sasa? Huko kwenu yanavunwa mara mbili kwa mwaka, kati ya mavuno na mavuno kuna miezi, na miezi hiyo ndo inaweza kuwa tofauti ya kuwahi na kuchelewa. Wafanyishe zoezi la kumhoji mtu mpaka tarehe ipatikane, mtoto alikuwa darasa la ngapi, mwenyekiti wa kijiji alikuwa nani, ilikuwa kabla ya Pasaka au baada, msiba wa nani ulikuwa karibu. Tenga nusu siku nzima kwa hilo tu, usione unapoteza muda.

Siku ya pili niiweke kwa mawakili wa probono, na yule msimamizi wako wa mawakili ndo awe kiongozi. Sikia nikwambie kama mtu ninayepigiwaga hizo simu. Napigiwa Ijumaa saa kumi na moja jioni, "wakili kuna kesi ya ardhi Kibondo Jumatatu naomba utusaidie", hapo sijui pande ni nani, sijui nani analipa nauli, sijui kama naenda kusimama au kuomba kuahirisha, na mteja mwenyewe hajui kama nipo. Nikikataa naonekana sina moyo. Mfundishe aanze na majina ya pande zote mbili, majina tu kabla ya hadithi, coz mawakili huku sio wengi na inawezekana kabisa yule mpinzani ndo mteja wangu, ukishanimwagia siri za huyu wako umeshaniharibia na huko na huku. Nikisema niko huru ndo unatuma ukurasa mmoja wa maelezo, nakala za nyaraka, tarehe, na mstari mmoja unaosema unataka nini hasa: niandike sababu za rufaa tu, au nisimame mahakamani mpaka mwisho. Hii ya kugawa kazi watu wengi hawaijui. Kuna wakili hawezi kukusafiria Kakonko hata iweje ila usiku saa nne akiwa nyumbani anakuandikia nyaraka nzuri kabisa bure, sasa wewe unamuomba safari kila siku mpaka anaacha kupokea simu. Na kesi ikiisha umpigie umwambie iliishaje, hilo halina bajeti.

Siku ya tatu mambo ya ndani ya nyumba. Ya hela usiyapige chenga. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 iko wazi kwamba msaidizi wa kisheria hatozi hela na hasimami mahakamani kama wakili, lakini hela ya soda, hela ya vocha, "nifikirie kidogo mama", hizo zipo, na msimamizi hawezi kuzijua akikaa anasubiri malalamiko. Achague mafaili matatu kila mwezi bila kumwambia mtu, awapigie wateja mwenyewe awaulize wamehudumiwaje na wametumia shilingi ngapi. Mume na mke kuja ofisi moja siku tofauti nalo waliongelee, nani anabaki na nani anapelekwa wapi, waamue kabla halijawakuta. Picha za mafaili kwenye grupu la wasap marufuku, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na hata bila sheria sio ustaarabu. Kubwa kuliko yote, kesi za ubakaji na za watoto kupewa mimba hazisuluhishwi chini ya mwembe kwa ng'ombe mmoja, zinaenda polisi dawati la jinsia na hospitali siku hiyo hiyo, msimamizi anayekuta msaidizi wake "amepatanisha" jambo la namna hiyo ajue anamwajibisha vipi na anampigia nani.

Ushauri mwingine, msiende kukaa hotelini mjini. Kaeni ofisini kwenu palipo na makabati, fanyeni siku 2 mfululizo na ile ya tatu uiweke baada ya wiki sita, kila msimamizi aje na rejista yake halisi. Mkurugenzi akigoma mwambie posho ni ile ile.

Cheti, wape cha kuhudhuria inatosha, ila angalia maneno. Msiandike kwamba mtu amehitimu kuwa msaidizi wa kisheria, huo ni mlango mwingine wenye mtaala uliopitishwa na usajili wake, na msajili msaidizi wa watoa msaada wa kisheria yupo hapo hapo halmashauri kwenu, pita kwake na rasimu ya ratiba kabla hujachapa chochote.