Kisukari: ushauri ni mmoja, wagonjwa si sawa

Nina kisukari cha aina ya pili. Niliambiwa kliniki nipunguze ugali na niongeze mboga, lakini mume wangu na watoto hawataki chakula kibadilike. Je, nipike mara mbili? (Mama, Kondele)

Hapana, mama, kupika mara mbili kutakuchosha, na makaa nayo hununuliwa. Pika mara moja, ila upakue tofauti: nusu ya sahani yako iwe managu au sukuma wiki, robo iwe omena au maharagwe, na ugali ubaki katika robo iliyosalia. Hata hivyo, swali lako linagusa jambo ambalo hupuuzwa mno. Mwanamume akiugua, aghalabu mkewe ndiye anayebadilisha mapishi, naye huletewa mezani. Mwanamke akiugua, hutarajiwa ajibadilishe peke yake huku akiwapikia wengine kama zamani. Katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015, asilimia 38.5 ya wanawake nchini Kenya walikuwa na uzani uliozidi kiasi, ilhali wanaume walikuwa asilimia 17.5, kwa hiyo anayehitaji zaidi msaada wa jikoni ndiye anayeupata kidogo. Mwombe mumeo mwandamane kliniki siku moja, asikie maneno haya kwa mtaalamu wa lishe badala ya kuyasikia kwako.

Sukari yangu imeanza kupanda, ingawa daktari anasema bado si kisukari. Nina miaka 66. Je, nimechelewa kuanza mazoezi? (Mzee, Njoro)

Hujachelewa, mzee. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002, uliowahusu watu wa hali kama yako, ulionyesha kwamba kupunguza uzani na kufanya mazoezi ya dakika 150 kwa wiki kulipunguza hatari ya kuugua kwa asilimia 58, na kwa waliotimiza miaka 60 kwa asilimia 71. Kutembea kwa mwendo wa haraka kunatosha.

Ninaendesha bodaboda kutwa na nina kisukari. Je, kazi hii si mazoezi? Na kliniki nitaendaje bila kupoteza mapato? (Kijana, Kakamega)

Si mazoezi, kwani injini ndiyo inayofanya kazi. Kuhusu kliniki, sikuoni kuwa mkaidi: anayelipwa kwa siku hupoteza riziki ya siku nzima akipanga foleni, jambo ambalo mwenye mshahara halijui. Ikiwa sukari yako imetulia, uliza kama unaweza kupewa dawa za miezi kadhaa kwa pamoja. Na ikiwa unatumia insulini, usiruke chakula cha mchana kwa ajili ya abiria, kwa sababu sukari inaweza kushuka ghafla ukiwa barabarani.